Zamu ya Meneja

"Punguza sauti! Utamwamsha mwenzako," mama mkwe alimkaripia mkamwana wake kwa mnong'ono.

"Mama, mimi nauliza tu. Huyu mtoto amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu aliposhiba. Na ukimwamsha, utambembeleza mwenyewe."

Waligombana hivyo, midomo karibu na masikio, kama watu wanaopeana siri. Mchana nyumba hiyo haikuruhusu sauti. Baba wa familia alikuwa mlinzi wa ghala. Alikesha kazini na kulala mchana, na mama yake alihakikisha mwanawe analala kweli. Redio ilizimwa. Watoto wa jirani walifukuzwa wakacheze mbele. Dirishani lilining'inia blanketi zito, na mkewe, fundi wa kushona, alipoingia kutoka juani alikuwa amejigonga muundi kwenye kigoda, akang'ata mdomo asipige yowe.

Fundi huyo alishona sare kiwandani. Siku za kazi alitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Leo alirudi mapema, kidole kimefungwa bandeji. Alikuwa amesinzia kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye ukucha. Msimamizi alimpa pole, kisha akamwambia bila kupepesa macho kwamba akisinzia tena, cherehani ile atapewa mtu mwingine.

Aliyemnyima usingizi alikuwa amelala chali kando ya godoro la baba yake, mikono kaitupa juu. Nyumba nzima ilimwita Meneja, kwa kuwa usiku alitoa amri na watu wazima wakatekeleza. Alitaka kubebwa, kuchezeshwa, kufunguliwa mlango akague uani. Walikuwa wamejaribu kumshibisha, kumwogesha maji ya uvuguvugu, kumpaka mafuta, kumwimbia mpaka koo likakauka. Wote walihangaika na usiku. Hakuna aliyewaza kuhusu mchana.

"Analala hivi kila siku?"

"Mtoto mwema huyu. Baba akilala, naye yumo. Akishtuka namrudisha usingizini haraka, asije akamsumbua baba yake." Mama mkwe alilisema hilo kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake.

"Na Jumapili?"

"Jumapili si mnatoka naye wenyewe? Anashinda nje akila vumbi."

"Na Jumapili usiku analala fofofo."

"Baba yake yupo. Anamwogopa."

Fundi alicheka puani. "Anamwogopa? Juzi kamng'oa ndevu, akataka kuzila."

Mama mkwe hakuwa mjinga. Alimtazama mjukuu, akatazama blanketi, akamtazama tena mjukuu.

"Makubwa," alinong'ona. "Kumbe nafuga walinzi wawili."

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua. Sasa tumejua."

"Lakini mwanangu naye usingizi wake? Akisinzia kule ghalani, si atafukuzwa yeye?"

"Atalala stoo. Haina dirisha."

"Mume wako umlaze na magunia?"

"Magunia hayalii."

Fundi hakusubiri jibu. Alivuta blanketi kwa mkono mzima, misumari ikaruka, na mwanga ukamwagika chumbani. Meneja alikunja uso, akaangua kilio. Mlinzi aliketi ghafla, mkono ukipapasa rungu.

"Nani hapo?"

"Mkeo. Amka, baba, unahamia stoo."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Mwanao anafanya zamu yako, na mimi nakaribia kupoteza kazi. Shika godoro upande huo, kidole changu kinauma."

Mlinzi aligeuka amwombe mama yake msaada. Mama yake alikwisha kumpachika mjukuu kiunoni na alikuwa akitoka naye uani, akiongea kwa sauti yake yote, sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia mchana kwa muda mrefu.

"Kelele za nini, bwana mkubwa? Twende tukawafukuze kuku, mchana wote huu!"

Godoro liligoma mlangoni. Wakalikunja, wakalisukuma, likapita. Fundi aliyasogeza magunia ukutani kwa mguu, akatandika shuka, akamwelekeza mumewe alale.

"Na nikisikia joto?"

"Vua shati," alisema fundi, akafunga mlango.