Nati Aliyoilegeza Bi Spana

Enzi za kazi yake, Bi Spana alisifika hivi: bomba likimwona tu, linaacha kuvuja lenyewe. Hata mawingu, ukiwasikiliza wateja wake, yalimwomba ruhusa kabla ya kudondosha tone.

Sasa kastaafu ufundi, na shida yake si maji tena, ni nyuki. Maboga yake yanachanua vizuri, kisha yanapukutika machanga, maana hapiti mdudu wa kuyachavusha. Nyuki aliyepotea njia juzi alipokelewa kama mkwe.

Zamani nyuki walitoka kinamasini, nyuma ya gereji, walikojazana kwenye maua ya rangi ya zambarau. Kinamasi kikafukiwa kwa kifusi. Bi Spana aliwahi kuokoa shina moja la maua hayo, la mwisho, akalipanda uani, chini ya bomba.

Akalimwagilia. Mchanga ukayabugia maji kama mlevi aliyealikwa. Akatandika turubai shimoni, chini ya mizizi. Maji yakatuama, mizizi ikaanza kunuka.

"Limekufa hilo," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. "Nikuletee sanda?"

"Itunze, shemeji. Utaihitaji mwenyewe."

Akachuchumaa, akafikiri. Kule kinamasini maji hayakumwagwa wala hayakutuama. Yalipenya polepole, kutwa kucha. Kumbe ua linataka kuvujiwa!

Akatoboa turubai, akaliendea bomba la uani, alilolifunga mwenyewe. Mkono ukagoma. Maisha yake yote ulijua kukaza tu. Akausukuma kwa mkono wa pili, kama punda mkaidi. Nati ikalia kwi! Tone likadondoka shimoni.

"Fundi, bomba lako linavuja!" jirani akapiga kelele ukutani.

"Najua!"

Mtaa mzima ukacheka. Shemeji akaja mbio na spana yake.

"Unatuaibisha, shemeji. Niikaze basi."

"Gusa nati hiyo uone kama hutarudi kwako ukichechemea."

Hakugusa. Majani yakanyooka, shina likarefuka mpaka likachungulia kwa jirani, ua likafunguka. Asubuhi moja nyuki akazama ndani, akatoka na unga wa njano, akahamia kwenye maboga. Nyuma yake wenzake.

Shemeji kaduwaa.

"Funga mdomo, wataingia," alisema Bi Spana, akimkabidhi chipukizi lenye mizizi. "Shika hili. Bomba la kwako pia nililifunga mimi. Twende nikalilegeze."