Kufuli Tatu za Bweni

Fundi cherehani hakuwa na mume, hakuwa na cheo, hakuwa na kiti kwenye kamati ya usalama wa shule, wala hakuwa na ufunguo. Tangu bweni la wasichana liungue, hakuwa na binti pia.

Mlango wa nyuma wa bweni hilo ulikuwa na kufuli tatu: ya mwalimu mkuu, ya mkuu wa kituo cha polisi na ya mwenyekiti wa wazazi. Hakuna aliyeweza kuufungua bila wenzake. Huo waliuita ushirikiano, na walipigiwa makofi. Moto ulipowaka, kila mmoja alikuja mbio na ufunguo wake, kwa wakati wake. Wa mwisho alikuta chuma kimeshapoa.

Siku ya mazishi mama hakulia. Aliwatazama wale watatu mmoja mmoja, kama anayewapima nguo, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake mwalimu mkuu alikuta choo chake kimefungwa kwa kufuli tatu. Yake ilifunguka. Akawapigia simu wenzake, akasubiri amebana miguu. Jioni kufuli zilihamia kwenye kabati la chakula la mwenyekiti, kisha kwenye mkanda wa afande. Zilikatwa kwa msumeno, zikaota upya kama kucha. Majirani wakazoea kuwaona wakiongozana hata kwenda haja.

"Wapo kazini," walisema.

Hatimaye walimwendea mama.

"Mama, tuonee huruma," alisema mwenyekiti. "Hata kitandani kwangu tunalala wanne. Mke wangu ameniambia nichague."

"Afande anakoroma?"

"Sana."

"Vizuri."

"Tuambie unataka nini," alisema mwalimu mkuu.

"Bweni jipya lina mlango wa nyuma. Una kufuli ngapi?"

Walitazamana.

"Tatu," alisema afande. "Lakini huo ni utaratibu, mama. Hatuwezi kuuvunja hivihivi."

"Basi mlale salama." Akakata uzi kwa meno.

Walikwenda ofisini, wakawaandikia wakubwa wao kwamba ushirikiano umeimarika mno: sasa kamati hukutana mchana na usiku. Wote wakatia saini. Afande alilamba gundi ya bahasha, mwenyekiti akaikandamiza kwa kiganja, mwalimu mkuu akagonga muhuri. Kisha wakaipeleka posta, wote watatu.