Mchwa wa Redio ya Abasi

Haya alinisimulia Bi Mwamvita binti Lukumani mwenyewe, mwaka wa themanini na mbili, tukiwa kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika pale Kanyenye, mjini. Foleni haikuwa ikisogea, na siku kama ile mwenye habari ndefu ndiye tajiri.

Mwaka wa sabini na tano Mwamvita alikuwa akiishi Ntalikwa na mumewe Abasi, kwenye tembe, nyumba ya udongo iliyo kando ya njia ya zamani ya misafara. Abasi alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la pamba, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na uhai. Dunia yake ikawa kitanda, kidirisha na redio. Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, ya betri, kubwa kama sanduku la bibi harusi.

Redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, wala sifanyi mzaha. Ikisema, Abasi alikula, akabishana na mtangazaji, akamwambia mkewe bei ya pamba na waziri gani yuko ziarani wapi. Ikinyamaza, aligeuza uso ukutani, na ugali ukapoa mpaka ukaota ngozi. Mwaka ule ilinyamaza mara nyingi, hata Mwamvita akimwogesha mumewe mbavu zinamgonga mkononi kama vijiti vya uchaga.

Sababu ilikuwa mchwa. Mara ya kwanza redio ilianza kukoroma kama mzee mwenye pumu. Mwamvita akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta udongo mbichi umejengwa humo vijumba kwa vijumba, na mchwa wametafuna ubao wa upande mmoja na karatasi ya spika. Akakwangua, akapangusa kwa mafuta ya taa, akaifunga kwenye kanga na kuipeleka mjini kwa fundi, ikabandikwa karatasi nyingine. Mwezi haujaisha, inakoroma. Akamwaga majivu. Akaiweka juu ya meza ambayo kila mguu umetumbukizwa kwenye kopo la mafuta machafu. Akaisogeza mbali na ukuta. Wapi! Akifungua nyuma, udongo mbichi.

"Wametumwa hawa," alisema jirani yake, Benedikta. "Tafuta mganga."

"Mganga wa mchwa? Nitamwambia anipigie ramli ya nani, mwenye kichwa chekundu?"

Lakini alikuwa amechoka. Kazi inayosonga mbele huchosha mwili tu. Kazi inayorudi ulikoianzia huchosha mpaka roho. Alifika mahali akawa anakwangua ule udongo bila hata kukasirika, kama mtu anayepepeta mchele huku amelala.

Fundi wake Kanyenye aliitwa Nassibu. Alikuwa Mzaramo, aliyekuja na reli akasahau kurudi, na nani asiyejua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mizigo? Alipomwona Mwamvita anaingia tena na kile kifurushi cha kanga, akaweka chini chuma chake cha kuchomea risasi.

"Wewe Mnyamwezi wewe! Redio hii sasa naijua kuliko mke wangu. Leo sibandiki kitu. Irudishe ilikotoka, nitakuja kuona inalala wapi."

Akaja kweli, na baiskeli yake. Hakupiga hodi. Mtani hapigi hodi.

"Hapa ndipo kwa wapagazi?"

"Ndipo," Abasi alijibu kutoka kitandani, uso ungali ukutani. "Ukiiba kitu, ondoka na mchwa pia."

Nassibu hakuigusa redio. Aliushika waya wa antena nyuma yake, akaufuata kwa kidole taratibu, ukutani, juu, mpaka kwenye tundu chini ya paa ulikotokea nje. Kisha akamwita Mwamvita aje aone. Waya ulikuwa umevikwa udongo, mwembamba kama utepe, na alipoubomoa kidogo kwa ukucha, mchwa walikuwa ndani wanapita, wanakwenda na kurudi, watu na shughuli zao.

Wakaufuata kwa nje. Ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlingoti wa antena, na mlingoti ulikuwa umesimikwa juu ya kichuguu.

Abasi alipoinunua redio, angali mzima, alitafuta mahali pa juu pa kusimika mlingoti, na karibu na nyumba hapakuwa na mahali pa juu kuliko kichuguu cha babu yake. Na hicho hakikuwa kichuguu cha hivihivi. Babu alikuwa mpagazi. Siku alipochoka misafara, alitua mzigo wake pale, akakizungushia nyasi kuonyesha kina mwenyewe, akajenga. Tangu hapo, kila mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi waliotoka mle walikuwa wa nyumba ile. Walikingwa kwa majani na vikapu, wakakaangwa, wakagawiwa. Hata majirani waliohamia kwenye kijiji cha ujamaa walirudi siku hiyo na mabakuli yao, na Mwamvita ndiye aliyegawa.

Nassibu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mmechomeka mti katikati ya nyumba ya watu, halafu mkawafungia na kamba ya kuwafikisha kitandani. Mlisahau kuwapikia chai tu!"

"Basi ung'oe, usimike kwingine," alisema Mwamvita.

"Nitaung'oa. Lakini gonga hapa."

Mwamvita akagonga ukuta wa chumba. Ukalia kama ngoma.

"Wameshaingia. Huu ukuta umebaki ngozi. Utakwangua leo, kesho wapo. Mama yao yuko chini ya kile kichuguu, anazaa usiku na mchana. Asipotoka yeye, hata uipeleke hii redio Ulaya, siku ikirudi watakuja kuipokea."

"Kichuguu cha babu hakichimbwi," sauti ikatoka kitandani.

Kila mtu wa pale alilijua hilo. Mtoto, mjukuu au mke wa nyumba ile akipiga jembe pale, ni sawa na kulipiga kwenye kaburi la babu, na mkosi hauulizi nia.

"Mume wangu," alisema Mwamvita, "tangu juzi hujala."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimekushiba wewe."

Mwamvita akatoka, akakaa kizingitini. Angeweza kuikunja kanga yake, kuifungia ile redio na kuisahau. Kichuguu kingebaki, mvua ingekuja, naye angegawa kumbikumbi kama kawaida, mke wa mwenye kichuguu. Akageuka, akautazama mgongo wa mumewe. Uti wa mgongo ulikuwa umetokeza wote, pingili kwa pingili.

Nassibu alikuwa anakunywa maji mtungini.

"Mtani."

"Naam."

"Sisi hatuwezi kukichimba."

"Nimesikia."

"Na wewe je?"

Nassibu akatua kata. Msibani mtani hulala kwenye machela ya maiti, huvaa kanzu ya marehemu na kumwigiza anavyokohoa, na hakuna wa kumkasirikia. Linalomtia ndugu mkosi, kwa mtani ni mchezo.

"Kikishakufa hakifufuki, unajua?"

"Najua."

"Majirani wakija na mabakuli?"

"Nitawaambia mtani kala."

Nassibu akaingia chumbani, akasimama kichwani pa kitanda. "Mnyamwezi! Babu yako alipofika pwani alilalia mkeka wa babu yangu, akaupasua kwa ule mgongo wake wa magamba. Nimekuja kulipiza. Nabomoa kichuguu."

Mwamvita alisimama mlangoni, anamtazama mumewe. Mtu akimkasirikia mtani wake amejivua nguo mbele za watu; lakini Abasi alikuwa mtu wa kukasirika.

"Mkeka wenyewe babu yako alikuwa ameuiba," Abasi akasema hatimaye, akajifunika shuka gubigubi.

Ruhusa ikawa hiyo, wala hapakuwa na nyingine ya kungoja.

Ardhi ilikuwa ya mwisho wa kiangazi, ngumu kama tofali la kuchoma. Nassibu alipiga sururu, akatukana babu wa watu, akapumzika, akapiga tena. Mwamvita hakugusa hata bonge. Alileta maji tu. Jua lilikuwa limeshapinda Nassibu alipofika kwenye chumba chenyewe, donge la udongo kama mkate wa mofa. Akalipasua. Humo alilala mama wa mchwa, mweupe, mnene kuliko kidole gumba, tumbo linapwita polepole, wadogo wamemzunguka wanamlisha.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona hata kutembea hawezi?"

"Atembee aende wapi? Analetewa kila kitu."

Mwamvita akamtazama yule aliyelala chumbani mwake akilishwa na wenzake, kisha akatazama pembeni. "Mtoe haraka," alisema.

Waliobaki, Nassibu alieleza, wangetangatanga kwa siku kadhaa na kwisha. Akamwaga maji ya moto shimoni, akasimika mlingoti upande wa pili, akaweka waya mpya, akaibandika spika. Ujira wake hakuutaja: alikimbiza kuku uani akamkamata.

"Mwizi huyo!" Abasi alipiga kelele ndani ya shuka.

Redio ikawashwa. Hakuna kukoroma. Ulipita wimbo. Kisha mtangazaji akasema pamba ya Nzega mwaka huu imestawi vizuri sana.

"Mwongo," ilisema shuka. Baadaye kidogo: "Kule mvua zilikatika mapema, amestawisha yeye?" Na uso ukageuka.

Mwamvita akaleta ugali na mlenda. Abasi akala tonge, akala jingine. Hakushukuru.

"Mvua ikinyesha," alisema akitafuna, "mtawaambia nini watu?"

"Nitawaambia mimi. Wewe kula."

"Watakusema."

"Watasema."

Abasi akasukuma bakuli la mlenda upande wa mkewe. "Hujala na wewe," alisema.

Nassibu alikuwa amelala barazani, kuku amemfunga kwenye mguu wa baiskeli. Abasi naye alisinzia, mdomo wazi, katikati ya ubishi na mtangazaji. Mwamvita alikaa chini, akaegemea ukuta. Alitaka kuizima redio, betri zisiishe. Mkono ukafika kwenye kitufe, ukabaki hapo. Sauti iliendelea kusoma habari za mikoani, na jua lilikuwa bado halijazama alipolala.