Bata wa Ushindi

Wendelin alikuwa na redio, na mtu mwenye redio pale Kibaoni hujiona mkuu wa majeshi.

"Waasi wametimuliwa, shemeji!" alipaza sauti kabla hata hajaingia uani. "Wameshindwa kuuteka mji mkuu! Wamefika darajani tu, vijana wetu wakawatandika!"

Restituta aliendelea kugeuza mpunga wake kwenye turubai. Mwanawe Anselim alikuwa huko, pamoja na Beatus, mtoto wa jirani yake Kandida. Jeshi liliwapeleka kulinda amani katika nchi ya watu wanaouana wenyewe kwa wenyewe. Tangu waasi waushambulie mji ule, simu za vijana hao hazikupatikana.

"Umemsikia Anselim kwenye hiyo redio?"

"Wametangaza ushindi, shemeji. Hasara ni ndogo tu."

"Ndogo kwa nani?"

Wendelin alicheka, akaenda kutafuta kuni. Kufika adhuhuri ua ulijaa watu ambao Restituta hakuwaalika. Bata wake wawili walikuwa wameshachinjwa, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Kandida ndiye aliyeshika mwiko, akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Restituta alikasirika. Hawa watu wana wazimu gani? Mpira ni mpira, mtu anashangilia anajiendea zake kulala. Hii ni vita, na walioko huko wana mama zao. Alimwambia Wendelin hivyo hivyo mbele za watu, naye akamjibu asiwatie watu nuksi.

Ndipo simu yake ikaita, namba ngeni. Akaingia ndani, akafunga mlango.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Anselim. Mzima."

Akakaa sakafuni. "Marahaba, baba. Marahaba, mwanangu."

"Mama, Beatus amekufa. Pale darajani, pembeni yangu. Wakubwa watakuja kumwambia mama yake, lakini mimi..."

Simu ikakatika.

Huko nje vigelegele vilipanda tena. Restituta alivisikia huku furaha ya mwanawe kuwa mzima ingali imemjaa kifuani, akaichukia furaha hiyo. Akajichukia mwenyewe. Kuliko vyote, alimchukia Wendelin. Akatoka, akaikwapua redio mikononi mwake, akaibamiza chini.

"Basi! Nyamazeni! Nyamazeni wote!"

Kandida aliyaona machozi usoni mwa Restituta, mwiko ukamponyoka. Akaja mbio akamkumbatia, mikono ikinuka mafuta ya bata, analia kwa sauti.

"Pole, Mama Anselim! Pole, dada yangu! Jamani, Anselim wetu! Lia tu, mwenzio nipo. Leo nalala hapa hapa kwako, siondoki."

Restituta alitaka kumtoa, mikono ikakataa.

"Mama Beatus," alisema, "Anselim ni mzima. Amenipigia sasa hivi."

Kandida alimwachia. Alimshukuru Mungu, akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akamtazama tena mwenzake.

"Sasa mbona unalia?"