Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Milango

Walipohamia kwenye banda la mabati kando ya msingi wa nyumba yao, Mama Chiriku alijipa moyo kwamba ni miezi mitatu tu. Banda lilikuwa stoo ya saruji. Kitanda kilipakana na mifuko, na vumbi likaingia hadi kwenye chai. Mumewe akafanya mzaha kwamba nyumba yao ina hewa safi kuliko ya tajiri yeyote, maana haina hata paa. Miezi mitatu ikazaa kumi.

Kuta zikapanda. Ndipo binti yao wa miaka minne, waliyembandika jina la Chiriku kwa kutofunga mdomo, akapata mchezo. Kila alasiri, mafundi wakishaondoka, alisimama kwenye uwazi wa mlango wa mbele akabisha hodi. Akatega sikio, akacheka, akaingia moja kwa moja hadi jikoni. Mama yake alimuuliza anacheka na nani. Mtoto akasema kuna mtu anamkaribisha, ila hatoki kwa sababu miguu yake imelowa.

Mama akatazama sakafu ya jikoni. Chini ya jiko hilo lilichimbwa tangi, kina cha watu wawili, la maji ya kujengea na ya kwao wenyewe. Alimweleza mumewe. Yeye akasema kuta tupu zina mwangwi, na watoto wana maneno. Na tangi je? Limefunikwa mbao, akajibu, hata tembo akipita hazivunjiki. Fundi mkuu alipoulizwa naye akasema vilevile, bila hata kugeuza shingo. Mama akaridhika, au tuseme akajiridhisha, kwa kuwa alishachoka kuitwa mwoga.

Jumamosi moja mafundi walimwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Mbao za kufungia zikapungua, na fundi mkuu hakutaka kazi ilale, akazitoa zile za tangi. Ili mchanga usidondokee majini, akatandaza makaratasi ya mifuko ya saruji juu ya shimo, akayakandamiza pembeni kwa kifusi. Vumbi likatua juu yake. Ungetazama, ungesema ni sakafu. Alikusudia kuwaambia wenye nyumba. Akanawa, akabadili nguo, akaenda zake.

Mama alikuwa anaanua nguo aliposikia sauti ya Chiriku ndani ya nyumba, nyembamba, kama ya mtu anayesikia baridi.

"Mama, hodi."

Akatupa nguo chini, akakimbia. Alipokanyaga jikoni, sakafu ikamwachia. Maji yalimfika kidevuni kabla mkono wake mmoja haujanasa nondo iliyochomoza ukingoni. Akaing'ang'ania, akapiga kelele mpaka mumewe akaja kumvuta. Alipotolewa tu akageuka, anataka kurudi shimoni.

"Niache, mtoto yumo humu."

"Mtoto gani? Amelala bandani, nimetoka kumfunika shuka sasa hivi."

Wakakimbilia bandani. Chiriku alikuwa amelala fofofo, nywele kavu, kidole mdomoni. Mumewe akaliokota tena neno lilelile la mwangwi.

"Mwangwi wa nani, Baba Chiriku, na mwenyewe kalala?"

 

Nyumba imekwisha. Tangi lina mfuniko wa zege, milango ina vitasa. Chiriku yuko shule, na mchezo wake ameshausahau. Mama hajausahau. Hodi ikibishwa alasiri, haitikii mpaka kwanza amwone mwanawe kwa macho. Siku nyingine hufungua mlango akakuta hapana mtu.

Na akisikia kuna familia imehamia kwenye nyumba inayojengwa, humfuata mama wa hapo, wala hakai kunywa chai. Usiulize shimo limefunikwa na nini, shoga yangu, humwambia. Utaambiwa mbao, na anayekuambia haongopi, ziliwekwa kweli. Shika mti, nenda mwenyewe ukachokoe. Leo uchokoe, na kesho uchokoe tena.