Vipandio Tisa Vilivyobaki

Unajua kipandio kimoja cha ngazi ya mawe hula mawe mangapi? Ukimuuliza mpita njia atakuambia manne, akijitahidi sana matano. Basi mimi nakuambia ni kumi na moja. Matatu makubwa ya kukanyagia, mawili ya ubavuni, na sita madogo ya kushindilia kwa nyuma ili udongo usisukume. Hivyo ndivyo ulivyo mteremko wetu huku Gikondo. Nimeyahesabu mwenyewe, maana tangu magoti yaliponikatalia jembe, kazi yangu kwenye umuganda ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumhesabia fundi Léonce mawe.

Umuganda ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanapofungwa, mabasi hayatembei, na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake kwenda kutengeneza kilichoharibika mtaani. Kazi inaanza saa mbili asubuhi. Saa tano tunanawa mikono, tunakusanyika barabarani mbele ya duka lenye paa la bluu, na mkutano unaanza. Hapo ndipo mambo ya mtaa yanaposemwa: takataka, mbu, nani amejenga choo bila ruhusa. Mtu akitaka neno ananyoosha mkono. Likipita, tunapiga makofi.

Ngazi tuliyokuwa tunajenga iliandikwa kwenye karatasi za mtaa kama "njia ya chini". Mimi nilijua ni ngazi ya Gaudiose, yaani Mama Valens. Tumekua pamoja Buyenzi, Bujumbura, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tuliporudi Rwanda yeye alipata kiwanja chini kabisa, karibu na bonde, mimi nikapata juu, karibu na barabara. Miaka mingi alipanda ule mteremko na dumu la maji mkononi kama msichana. Halafu siku moja ya matope akateleza, akavunjika nyonga.

Walimpandisha mgongoni kwenda hospitali, wakamrudisha mgongoni. Wakati wa kurudi yule aliyembeba aliteleza na wote wawili wakaanguka. Hakuumia tena, lakini kitenge kilimfunguka mbele za watu, na watoto wa jirani wakacheka. Alipofikishwa kitandani alisema neno moja: "Mimi sibebwi tena. Mtu mzima habebwi kama gunia la mkaa."

Nami nikaona dawa ni moja tu. Mkutano uliofuata nikanyoosha mkono, nikaomba ngazi. Makofi yakapigwa.

Tulianzia mlangoni kwake tukaja juu. Vipandio hamsini vilihitajika. Mwezi mzuri tulijenga vitatu, mwezi wa mvua kimoja. Mawe tuliyatoa bondeni, kwenye msingi wa ghala lililobomolewa, yakapandishwa kwa kupokezana mikono, mtu na mtu. Léonce, ambaye ni fundi wa kweli aliyejifunza kazi kwao, mji wa Ngozi, alifunga uzi, akapima, akapiga nyundo, na mdomo wake haukupumzika.

"Mama Raïssa, hili la tisa umelihesabu mara mbili."

"Wewe jenga. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, kuhesabu hakunishindi."

"La sita la zamani au la sasa?"

"La zamani. La kuchapwa."

Baada ya mkutano niliteremka kumpelekea Gaudiose habari. Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu mmoja umenyooka kama si wake. Sikukaa, nilisimama tu, naye akauliza:

"Nani alikuja leo? Connie, mke wa mkuu, alikuja? Alisema nini?"

"Aah, mambo yaleyale. Vimefika vipandio ishirini na viwili!"

"Nimesikia makofi. Mlikuwa mnapigia nini?"

"Mbu. Walitusomea habari za mbu. Lakini sikiliza, ishirini na viwili!"

"Mbu wamepigiwa makofi," alisema. "Basi watanenepa."

Miaka miwili ikaenda hivyo, tukafika arobaini na kimoja. Vilibaki tisa vya juu, pale mteremko unaposimama wima kama ukuta. Léonce alikuwa ameshakata nafasi zake kwenye udongo mwekundu, zote tisa. Mawe yake yalikuwa yamepangwa barabarani, tisini na tisa, sijakosea hata moja. Nikamwambia Gaudiose: Pasaka utaisikiliza misa ukiwa kanisani. Akasema, "Haya."

Halafu ikaja habari ya mashindano ya usafi kati ya mitaa. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani mkubwa wa mtaa huu mdogo, anaitwa Norman. Alikulia Mbarara, Uganda, ni mtu mwema, na shati lake daima limepigwa pasi. Mkutanoni huongea Kinyarwanda, lakini akitaka kunibembeleza huniongelesha Kiswahili, anajua ndicho cha utotoni mwangu.

"Mama Raïssa, wageni iko na kuja Jumanne. Hapa barabarani iko vumbi tu. Tunaweka bustani ya maua, mviringo. Lakini bustani bila mawe ya kuzunguka inakuwa kama shamba ya viazi."

"Mawe yapo bondeni, mkuu."

"Siku mbili tu! Nani atapandisha? Haya iko tayari hapa. Tunaazima. Wageni wakienda, mawe inarudi."

Léonce alikuwa anasafisha mwiko wake. "Mzee wa Mbarara," alisema, "kwenu mtu akiazima ng'ombe anarudisha ng'ombe. Hapa ukiazima jiwe unarudisha maelezo."

Watu walicheka, hata Norman. Lakini Léonce hakucheka. Akasema zile nafasi tisa zimeshachimbwa, mvua ikizikuta tupu zitakuwa mfereji, na maji yote ya barabarani yatapita humo. Wote wakanitazama mimi, maana ngazi niliiomba mimi.

Nieleze vipi? Kulikuwa na maneno kwamba mtaa utakaoshinda utapewa saruji. Nilifikiri: saruji hiyo itashika vile tisa vizuri kuliko udongo. Tena Connie, mke wa Norman, alikuwa amesimama mbele yangu na mche wa waridi kwenye kopo, ananitazama kwa macho ya kusihi. Na mimi maisha yangu yote nimesubiri: kurudi kutoka ukimbizini, kupata kiwanja, kusomesha. Wiki moja zaidi ni nini? Nikanyoosha mkono, wengine wakafuata. Makofi.

Bustani ilipendeza, siwezi kusema uongo. Mawe yalipakwa chokaa nyeupe, moja baada ya moja, na ndani yake waridi na yale majani yenye madoadoa. Wageni walikuja wakiwa na viatu vya ngozi, wakapiga picha, wakauliza usafi wetu tunaupangaje. Hakuna aliyetazama chini. Tukawa wa pili. Tulipewa cheti na pipa kubwa la takataka la plastiki.

Umuganda uliofuata nilikaa kwenye ndoo yangu, nikauliza mawe yanarudi lini.

"Mama Raïssa, mitaa mingine itakuja kujifunza hapa," Norman alisema. "Tukibomoa sasa watakuta nini? Shimo?"

Mwezi uliofuata sote tulipelekwa Kicukiro kupanda miti. Mwezi wa tatu baada ya bustani mvua ilinyesha tangu alfajiri na umuganda ukaahirishwa. Ile mvua ndiyo iliyofanya kazi siku hiyo. Maji ya barabarani yaliizunguka bustani, yakaingia kwenye nafasi tisa za Léonce, yakateremka na nguvu zote. Nilisimama chini ya bati langu nikasikia mawe yakigongana huko chini, sauti kama masufuria yanayooshwa na mtu mwenye hasira. Mchana ilipokatika tulikwenda kuona. Vipandio arobaini na kimoja vilikuwa vimebaki kumi na saba, navyo vinaning'inia.

Léonce hakusema "niliwaambia". Heri angesema. Alikunja uzi wake akautia mfukoni.

Baada ya wiki mbili walikuja watu wawili wa serikali na kopo la rangi nyekundu na brashi. Walipima, wakaandika, wakapaka alama kwenye nyumba sita za chini. Wakatueleza kwa upole kwamba mteremko umefunguka, nyumba zile si salama tena, watu watoke kabla ya mwisho wa mwezi. Walisema kweli. Hakuna aliyebisha.

Ijumaa, siku moja kabla Gaudiose hajaondoka, niliteremka kumsaidia kufunga vitu. Nilitumia karibu saa nzima. Mahali pengine nilikaa chini nikateremka kwa makalio, nikishika majani. Nilimkuta palepale kwenye mkeka, amezungukwa na maboksi mawili na godoro lililofungwa kamba.

"Karibu, fundi mkuu," alisema.

"Nicheke au nilie?"

"Kaa kwanza. Kwa namna ulivyokuja hapa, umeshajifunza kukaa."

Nikakaa. Nilikunja vitenge vyake, kimoja kimoja, nikafunga vikombe kwenye magazeti. Nikamuuliza kesho Valens, mwanawe, anakuja saa ngapi kutoka Nyamata.

"Saa mbili. Anakuja na wanaume wanne. Wamefunga kiti cha plastiki kwenye miti miwili. Nitapanda kama askofu."

"Ulisema hubebwi tena."

"Nilisema."

Nikafunga kikombe kingine. Kulikuwa na neno nililolificha tangu siku ya bustani, nikaona nikikosa leo sitalisema tena.

"Mama Valens, mimi ndiye niliyenyoosha mkono wakachukua mawe."

"Najua. Léonce aliniambia siku ileile."

"Siku ileile! Miezi yote hii unanipokea, unanipa uji, hunisemi?"

"Ningekusema nini? Hujaiba. Umeyaweka kwenye maua."

"Ulikuwa unaisubiri ngazi, mwenzangu. Nilikuahidi Pasaka."

Gereji za juu barabarani zilikuwa zinagonga mabati kama kila siku, na huku uani kwake maji ya tope yalikuwa bado yanachuruzika karibu na ukuta, juu yake ile alama nyekundu.

"Nani alikuambia nataka ngazi?" aliuliza.

"Wewe! Ulisema hubebwi."

"Nilisema sibebwi. Ngazi ulisema wewe. Na mlipoanza, kila mtu ana furaha, fundi amefunga uzi, nikasema basi, wacha wajenge. Mguu huu, Spéciose, daktari alishaniambia tangu mwanzo. Hata mngejenga kwa marumaru, vipandio hamsini nisingeviweza. Hata kumi."

Miaka miwili. Nikapiga hesabu kichwani ya mawe, arobaini na kimoja mara kumi na moja, hesabu ikanikimbia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hukai. Unafika, unasema namba, unaondoka."

"Sasa nimekaa," nilisema. "Niambie. Ulitaka nini?"

Alivuta mguu wake kwa mikono miwili, akauweka sawa.

"Nilitaka mteremke nyinyi," alisema. "Mara moja tu. Mna miguu, watu arobaini wazima. Mkimaliza kazi, huo mkutano wenu mje muufanyie hapa uani kwangu. Mkae chini, mseme habari za mbu. Mtu aulize kama kuna mwenye neno. Na mimi ninyooshe mkono."