Goti la Baba

Baba akiniita "fundi" badala ya "mwanangu", basi kakasirika. Siku hiyo alianza kuniita fundi tangu getini. Nilikuwa chini ya gari la mtu, mgongo unauma, tumbo tupu, sina hamu ya kugombana na yeyote.

"Fundi! Breki zimenipiga teke tena! Mvua kidogo tu, nimekanyaga, pedali ikatetemeka, gari likapitiliza hadi ukingoni mwa mtaro. Chomoa fyuzi ya hiyo kompyuta yenu. Gari lina shetani hili!"

Jamani, nimechoka. Pampu nilishakagua, sensa za magurudumu nilishasafisha, gari ni zima kabisa. Mazoea yana taabu. Baba kaendesha malori maisha yake yote, na wenzake walimwita Mguu wa Dhahabu kwa jinsi alivyojua kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, matairi yasijifunge. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Ikihisi gurudumu linataka kujifunga, inaliachia na kulibana tena, upesi kuliko mguu wa binadamu, ndiyo maana pedali inatetemeka. Gari likiserereka upande, inabana gurudumu moja peke yake kulirudisha gari njiani. Wewe kanyaga tu, usiachie. Ukiachia, breki hakuna.

"Baba, ukihisi inatetemeka, usitoe mguu."

"Mzee mzima nafundishwa kutembea! Wanao wanapelekwa shule na nani kila siku? Si mimi?"

Ni yeye. Na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Nikampeleka nyuma ya gereji, tunakooshea magari, sakafu imejaa maji na povu. Akashika usukani, nikakaa kando yake. Akaenda mbio kidogo, akakanyaga, pedali ikatetemeka, mguu ukaruka juu. Tukateleza mpaka kwenye rundo la matairi makuukuu, pu!

"Tena," nikasema.

Pu!

"Tena, baba."

Pu!

"Mguu haunisikii," akasema. Jasho linamtoka, ukali wote umekwisha. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Aliporudia, nikamshika goti kwa mikono miwili nikalikandamiza. Pedali ikanguruma. Goti likafurukuta viganjani mwangu kama kuku anayekamatwa, nami sikuliachia. Gari likasimama palepale, mbali kabisa na matairi.

"Umeona?" nikapiga kelele kwa furaha. "Shetani yuko wapi sasa?"

Baba hakucheka. Alizima gari, akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu chenye grisi na kunikunja vidole juu yake.

"Nimeona, mwanangu," akasema. "Na kesho asubuhi, watoto wakiwa nyuma, nani atanishika goti?"